Namna ya kusoma utafiti wa kisukari na homoni bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Kila wiki kuna klipu mpya inazunguka kwenye magrupu, mara "wanasayansi wagundua tiba ya kisukari", mara "homoni hii inayeyusha mafuta ya tumbo ukiwa umelala", na chini yake kuna mtu kaandika sambaza uokoe maisha. Wengi tunafanya moja kati ya mawili, tunameza yote au tunatupa yote, na kote huko kuna hasara kwa sababu katikati ya hayo makelele zipo tafiti za kweli kabisa ambazo zimebadilisha matibabu ya watu. Sasa hapa naelekeza jinsi ya kuufungua utafiti wenyewe na kuusoma hata kama hujawahi kukanyaga chuo cha udaktari. Sio lazima uelewe kila neno. Unachotakiwa kujua ni macho uyaweke wapi, na swali moja ambalo nitalirudia mpaka unichoke: hawa watu walipima nini, namba ya maabara au kitu kilichompata mgonjwa?

Kwanza tafuta utafiti wenyewe, achana na klipu. Habari ya maana itataja angalau jina la jarida, mfano Lancet au New England Journal of Medicine au Diabetes Care, au itataja jina la jaribio. Ukishapata hicho kidokezo ingia PubMed, ni maktaba ya bure ya serikali ya Marekani, andika kwa Kiingereza jina la dawa na jina la ugonjwa, matokeo yanakuja yenyewe. Kama habari haitaji jarida, haitaji jaribio, haitaji hata mwaka, inasema tu "madaktari bingwa wamethibitisha", hapo usimalize bando lako. Muhtasari karibu siku zote ni bure, makala nzima mara nyingine imefungwa inataka malipo, lakini angalia pembeni kama kuna alama ya PMC maana hiyo unaisoma yote bila kulipa senti. Na ukiona imeandikwa medRxiv ujue hiyo ni rasimu, watafiti wameiweka hadharani kabla wenzao hawajaikagua, isome lakini usiitolee ushahidi.

Ukishaufungua, karibu na mwisho wa muhtasari utaona namba inayoanza na NCT na tarakimu 8 mbele yake. Hiyo ni namba ya usajili kwenye ClinicalTrials.gov, sajili iliyoanza mwaka 2000. Wasomaji wengi wanairuka, mimi naipenda kuliko kitu kingine chochote kwenye ile karatasi, maana pale watafiti wanaandika mapema kwamba tutapima kitu fulani, kwa watu wangapi, kwa muda gani, afu wewe unakaa unalinganisha na walichokuja kutangaza. Wakisajili kwamba watahesabu mashambulio ya moyo halafu makala inashangilia uzito kupungua, jiulize yale mashambulio yaliishia wapi. Kuna na historia ya mabadiliko humo humo, unaona kabisa lengo lilibadilishwa lini.

Baada ya hapo uliza nani alipimwa, na habari nyingi za kwenye simu zinafia hapa. Ukiona "mice" au "rats" ujue ni panya, na panya sio wewe. Sio kwamba wanyama hawana maana, insulini yenyewe ilianzia kwa mbwa, Banting na Best kule Toronto mwaka 1921, na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akachomwa, sindano ya kwanza haikumfaa vizuri, ikabidi wakaisafishe zaidi ndo ya pili ikashika. Ila sio kila safari inafika. Kuna panya wa maabara wanaoitwa NOD, wanapata wenyewe kisukari kinachofanana na aina ya 1, na hao panya wameshakingwa kwa njia zaidi ya 100, yani kama ungekuwa panya wa aina hiyo ungekuwa na bahati ya ajabu. Kwa binadamu dawa ya kwanza ya kuchelewesha aina ya 1, teplizumab, iliruhusiwa Marekani Novemba 2022 tu, na inachelewesha, haizuii moja kwa moja: kwenye jaribio lake la watu 76 waliokuwa kwenye hatari kubwa, muda wa katikati mpaka ugonjwa kutokea, yani muda ambao nusu ya kundi walikuwa wameshaugua, ulikuwa kama miaka 2 kwa waliopewa dawa bandia (placebo, inafanana na dawa lakini haina dawa ndani) na kama miaka 4 kwa waliopewa dawa yenyewe. Miaka 2 ya mtoto kuishi bila sindano sio kitu kidogo, lakini angalia umbali uliopo kati ya hiyo na "tiba ya kisukari yapatikana".

Kama ni binadamu, nenda kwenye jedwali la kwanza. Karibu kila jaribio lina jedwali la kwanza linaloeleza washiriki walikuwaje siku ya kuanza: umri, jinsia, uzito, miaka mingapi tangu wagundulike, HbA1c yao ilikuwa ngapi (hicho ni kipimo cha damu kinachoonesha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu, kinaandikwa kwa asilimia), wangapi wanatumia insulini, wangapi figo zimeshachoka. Jisome humo. Kama wewe una aina ya 1 na jaribio lote ni aina ya 2, matokeo hayo sio yako, hayo ni magonjwa mawili yaliyopewa jina moja, kwenye moja kinga ya mwili imeua seli za kongosho zinazotengeneza insulini, kwenye lingine insulini ipo lakini mwili umekuwa sugu nayo na kongosho inachoka taratibu. Afu soma na waliokataliwa kuingia, wajawazito, wenye ugonjwa wa figo, wazee sana, maana kama wewe ndo uliyekataliwa mlangoni huwezi kudai matokeo yaliyopatikana ndani.

Sasa tufike kwenye lile swali. Walipima nini?

Utafiti wa kisukari una mtego ambao magonjwa mengine hayana sana, nao ni kwamba kuna namba nzuri, rahisi, ya bei ya chini kupima, inayokwenda haraka: sukari. Dawa yoyote ukitaka kuonesha inafanya kazi unaweza kuonesha ndani ya miezi michache kwamba HbA1c imeshuka, na kila mtu anafurahi. Lakini mgonjwa haumwi HbA1c. Mgonjwa anaogopa kupofuka, kukatwa mguu, kwenda kusafishwa damu, kiharusi, moyo. Hivyo ndo vitu vinavyotakiwa kuhesabiwa na vinachukua miaka.

Kesi maarufu ni ya rosiglitazone, dawa ya kisukari aina ya 2. Iliingia sokoni 1999, sukari ilishusha hamna ubishi. Mwaka 2007 Steven Nissen na Kathy Wolski wakajumlisha majaribio 42, wakakuta uwezekano wa shambulio la moyo kwa waliotumia uko juu kwa kama asilimia 43. Ulaya wakaisimamisha 2010, Marekani wakaibana sana halafu 2013 wakalegeza baada ya jaribio moja kubwa kupitiwa upya na hatari kuonekana sio kubwa kama ilivyodhaniwa, kwa hiyo kesi yenyewe bado ina mabishano yake. Ila kishindo chake kilibaki. Kuanzia 2008 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ikataka dawa mpya za kisukari zioneshe kwamba haziongezi madhara ya moyo kupita kiasi, na hiyo ndo sababu leo tuna majaribio ya maelfu ya watu yanayohesabu vifo na viharusi badala ya kuhesabu sukari peke yake.

Na mwaka huo huo wa 2008 likatokea la jaribio la ACCORD, hili nataka ulishike vizuri. Walichukua watu 10,251 wenye kisukari aina ya 2 ambao walikuwa na ugonjwa wa moyo au hatari kubwa ya kuupata, wakawagawa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lilisukumwa HbA1c ishuke chini ya 6.0, lingine liachwe kati ya 7.0 na 7.9. Akili ya kawaida inasema sukari ikishuka zaidi ndo bora zaidi, si ndiyo? Kwenye karatasi ya maabara kundi la kwanza lilishinda waziwazi, lilifika kama 6.4 wenzao wakiwa 7.5. Halafu ikabidi ule mpango wa kubana sana usimamishwe Februari kabla ya muda wake, baada ya miaka kama 3 na nusu, kwa sababu kwenye kundi lililobanwa walikufa 257 na kwenye lile lingine 203. Makundi yenyewe yanalingana, watu 5,128 kwa 5,123. Namba ya maabara ilipendeza na watu wakafa zaidi.

Usije ukaondoka hapa ukisema basi kumbe kushusha sukari ni bure, hapana, huo nao ni upotoshaji na nimeuona mara nyingi mtu anautumia kuuza vidonge vyake vya majani. DCCT, jaribio la watu 1,441 wenye aina ya 1 lililotoka 1993, lilishusha HbA1c kutoka kama 9 kwenye kundi la matibabu ya kawaida mpaka kama 7, na kwa wale ambao macho yao yalikuwa bado mazima hatari ya macho kuanza kuharibika ilipungua kwa asilimia 76. UKPDS ya Uingereza, waliogundulika karibuni na aina ya 2, ilitoka 1998, tofauti ya HbA1c kati ya makundi ilikuwa ndogo tu, 7.0 kwa 7.9, na madhara ya mishipa midogo, yani macho na figo zaidi, yakapungua kwa asilimia 25. Sasa linganisha hao na wa ACCORD: DCCT walikuwa vijana, UKPDS walikuwa wameugua juzi juzi, ACCORD walikuwa watu wazima wenye kisukari cha miaka mingi na moyo uliokwisha kusumbuliwa. Ndo maana nilikwambia uanze na jedwali la kwanza. Dokta akikuwekea lengo tofauti na la jirani yako sio kwamba anakupendelea au anakuonea.

Hatua ambayo ningesema hata kama huna muda wa kitu kingine fanya hii tu, ni kugeuza asilimia iwe watu. Chukua kalamu. Mfano ni jaribio la EMPA-REG OUTCOME, 2015, dawa ya kisukari ya empagliflozin, watu 7,020 wa aina ya 2 ambao wote tayari wana ugonjwa wa moyo au mishipa. Kichwa cha habari kilikuwa vifo vya moyo vimepungua kwa asilimia 38. Ukisikia hivyo unafikiri kati ya wagonjwa 100 wameokolewa 38. Fungua jedwali la matokeo: waliopewa dawa bandia walikufa kwa moyo asilimia 5.9, waliopewa dawa asilimia 3.7. Toa, 5.9 kutoa 3.7 ni 2.2. Yani kati ya watu 100 waliotibiwa kwa kama miaka 3, wawili hivi hawakufa ambao wangekufa. Gawanya 100 kwa 2.2, unapata 45, maana yake unawatibu watu 45 kwa hiyo miaka mitatu kumwokoa mmoja. Zile 38 zimetoka wapi? 2.2 ni karibu asilimia 38 ya 5.9, wanahesabu punguzo ndani ya kile kidogo kilichokuwepo. Hesabu zote mbili ni za kweli, hamna aliyedanganya, ila moja inakwambia ukubwa wa punguzo na nyingine inakwambia wewe unapata nini. Na kwa maoni yangu mmoja kati ya 45 kwa kifo ni matokeo makubwa sana, dawa nyingi tunazomeza kila siku hazifiki hapo, kwa hiyo usidhani kugeuza asilimia ni kudharau. Fanya hivyo hivyo kwa madhara: maambukizi ya sehemu za siri yalikuwa asilimia 1.8 kwa dawa bandia na 6.4 kwa dawa, kwa hiyo kati ya 100 kuna kama 4 au 5 wa ziada waliopata usumbufu huo. Weka mbili hizo pembeni kwa pembeni ndo uamue.

Ah na kitu kimoja kizuri cha jaribio hilo: tofauti ya HbA1c kati ya makundi ilikuwa ndogo, mwishoni kama 7.8 kwa 8.2. Sukari ilikaribiana, vifo vikaachana. Ni ACCORD iliyogeuzwa kichwa chini.

Upande wa homoni mchezo wa asilimia unatumika kutisha zaidi kuliko kufurahisha. Mwaka 2002 jaribio la WHI la Marekani, wanawake 16,608 waliokwisha koma hedhi, lilisimamishwa, na dunia nzima ikasikia kwamba vidonge vya homoni za kike, estrojeni na projestini, vinaongeza saratani ya matiti kwa asilimia 26. Wanawake wakatupa vidonge usiku huo huo. Geuza iwe watu: kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, wasiotumia walipata saratani 30, waliotumia 38. Wanane zaidi kwa elfu kumi. Viharusi navyo wanane zaidi, na upande wa pili mifupa ya nyonga iliyovunjika ilipungua kwa watano. Na ukirudi kwenye jedwali la kwanza unakuta wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63, wakati mwanamke anayesumbuliwa na joto la ghafla na kukosa usingizi mara nyingi yuko miaka ya hamsini mwanzoni. Anayetaka kuamua kuhusu homoni anahitaji hizo namba zote, sio ile 26 peke yake.

WHI inatupeleka kwenye swali lingine, walilinganisha na nini. Kabla ya hapo tafiti za kuangalia tu, zile ambazo mtafiti hagawi dawa, anafuatilia watu wanavyoishi na kuandika, zilionesha wanawake wanaotumia homoni wana mioyo mizima zaidi. Jaribio la kugawa kwa bahati nasibu likaja kuonesha mashambulio ya moyo yameongezeka kidogo. Ikoje hiyo? Sababu moja kubwa ni kwamba wanawake waliokuwa wanatumia homoni kwa hiari yao walikuwa tofauti tangu mwanzo, wana kipato, wanafanya mazoezi, wanaenda kliniki, kwa hiyo ulichokuwa unakiona ni maisha yao sio kidonge. Kwenye kisukari hiki kitu kimejaa: wanaokunywa kitu fulani hawapati kisukari, wanaolala saa fulani wana insulini nzuri. Ukikutana na "inahusishwa na" usiisome kama "inasababisha". Tafuta kama kuna neno "randomized", maana yake watu waligawiwa kama kwa kurusha shilingi, na kundi la kulinganisha lilipewa nini, dawa bandia, au dawa ya zamani, au halikupewa kitu kabisa. Dawa kushinda kutopewa kitu sio ushindi wa kujisifia.

Vitamini D ni mfano mzuri. Wenye vitamini D kidogo kwenye damu wanapata kisukari zaidi, hilo limeonekana sana. Likafanyika jaribio la D2d, likatoka 2019, watu 2,423 ambao sukari yao ilishaanza kupanda, wengine yuniti 4,000 kila siku wengine dawa bandia. Baada ya miaka kama 2 na nusu waliopata kisukari ni 293 upande wa vitamini na 323 upande mwingine. Inaonekana vitamini imeshinda, lakini angalia mabano yanayofuata namba kuu, pameandikwa 0.88 halafu kutoka 0.75 mpaka 1.04. Hiyo 0.88 inasema hatari imepungua kwa asilimia 12, na mabano yanasema ukweli unaweza kuwa popote kuanzia kupungua kwa asilimia 25 mpaka kuongezeka kwa asilimia 4. Namba 1 maana yake makundi hayana tofauti, kwa hiyo mabano yakivuka 1, jaribio halijathibitisha. Ukijua hilo moja tu la mabano umeshawapita wengi wanaosambaza habari hizi, mambo mengine ya takwimu waachie wenyewe.

Muda nao uangalie, na hasa nini kilitokea watu walipoacha. Jaribio la STEP 1 la 2021, sindano ya semaglutide kwa watu wenye uzito mkubwa bila kisukari, wiki 68, uzito ulipungua wastani wa asilimia 14.9 dhidi ya 2.4 ya dawa bandia, namba za kushangaza kwa kweli. Wakaendelea kufuatilia baadhi yao mwaka mzima baada ya sindano kusimamishwa, wakakuta theluthi mbili ya uzito uliopotea umerudi. Mtu anayekuuzia ile ya kwanza bila hii ya pili anakuuzia nusu ya habari. Vivyo hivyo lile neno "kupona". Jaribio la DiRECT la Uingereza liliwaweka watu kwenye chakula maalum cha kama kalori 850 kwa siku kwa miezi 3 mpaka 5, dawa za kisukari zikasimamishwa chini ya uangalizi, na baada ya mwaka asilimia 46 walikuwa na HbA1c chini ya 6.5 bila dawa, kwa waliopunguza kilo 15 na zaidi ikawa asilimia 86. Ni matokeo ya kupiga makofi, lakini wenyewe wanaita kutulia kwa ugonjwa, na baada ya miaka 2 waliobaki kwenye utulivu walikuwa asilimia 36. Na tena ukiangalia mlangoni, walichukua watu waliougua ndani ya miaka 6 na wasiotumia insulini. Mwenye aina ya 1 akiiga hiyo akaacha sindano anaweza kufa ndani ya siku chache, sio maneno ya kutisha, ndo mwili unavyofanya kazi bila insulini.

Vipimo vyenyewe vina vizio viwili na watu wanachanganyikiwa bure. Sukari ya 7.0 na sukari ya 126 ni kitu kimoja, ya kwanza ni mmol kwa lita ya pili ni mg kwa desilita, zidisha kwa 18. HbA1c ya asilimia 6.5 inaandikwa pia 48, kizio chake hapo ni mmol kwa mol. Mwandishi akisema HbA1c imeshuka asilimia 12 uliza ni pointi au ni nini, maana kutoka 8 kwenda 7 ni pointi moja, na mtu mjanja anaweza kuiandika asilimia 12.5 ikaonekana muujiza. Jua pia kwamba HbA1c inasoma sukari iliyonasa kwenye seli nyekundu za damu ambazo zinaishi kama siku 120, kwa hiyo mtu ambaye seli zake zinakufa mapema, mfano mwenye selimundu, namba inaweza kutoka chini kuliko hali halisi, na upungufu wa madini ya chuma unaweza kuipandisha. Kama hali hiyo unayo, jaribio linalojivunia HbA1c lisome kwa tahadhari.

Pesa. Chini kabisa ya makala wanaandika nani kafadhili na nani analipwa na nani. EMPA-REG ililipiwa na kampuni zinazouza dawa hiyo, STEP 1 vivyo hivyo, na majaribio makubwa ya dawa mengi yako hivyo kwa sababu ni ghali mno. Sio sababu ya kuyatupa. Ni sababu ya kurudi kwenye ile namba ya NCT ukaangalia kama walipima walichoahidi, na ya kutafuta kama kuna wengine waliorudia. Kwenye PubMed hiyo hiyo andika jina la dawa na neno Cochrane, hao wanakusanya majaribio yote ya swali moja na kuyapima ubora. Makala iliyofutwa nayo PubMed inaweka tangazo juu kabisa, ukiliona funga.

Ukimaliza usibadilishe dozi mwenyewe. Chapisha muhtasari au upige picha, zungushia HbA1c za washiriki na umri wao kwenye jedwali la kwanza, andika pembeni za kwako, kipimo cha figo cha mwisho, dawa unazotumia na miaka ya ugonjwa, afu muulize daktari hivi: dokta, mimi nafanana na hawa watu? Na kama nafanana, kati ya 100 kama mimi wangapi wanafaidika na wangapi wanaumia? Ni swali ambalo linajibika, tofauti na "dokta nimesikia kuna dawa mpya". Na ile namba ya NCT ihifadhi kwenye simu urudi kuitafuta baada ya mwaka mmoja miwili, kwa sababu majaribio mengi yanaendelea kufuatilia watu hata baada ya kufungwa. Wale wa DCCT waliendelea kufuatiliwa kuanzia 1994 chini ya jina la EDIC, na ilipofika 2005 ndo ikaonekana kwamba waliobanwa sukari miaka ile walikuwa na matukio ya moyo na mishipa pungufu kwa asilimia 42, kitu ambacho jaribio lenyewe la 1993 lilikuwa fupi mno kukionesha.